Barua kwa mwanangu: mtaimbo na dunia inayosemekana kuwa tupu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Kasese. Barua yako niliipata wiki iliyopita, nami nimekawia kujibu kwa sababu swali lako linahitaji mtu aketi. Unasema mwenzako wa kazini huko Kampala anashikilia kwamba dunia ni tupu ndani kama mtungi, kwamba ina milango kwenye ncha zake mbili, na kwamba alikuonyesha picha ya setilaiti yenye tundu jeusi. Kisha umeniuliza, kwa kuwa nilichimba shaba Kilembe, tunawezaje kukanusha habari za mahali ambapo hakuna aliyefika.

Usimcheke mwenzako, mama. Mwaka 1692 Edmond Halley, ambaye ile nyota yenye mkia inaitwa kwa jina lake, aliona kwamba sindano ya dira hubadilisha mwelekeo kadiri miaka inavyopita, hata ukiwa mahali palepale. Akadhani kwamba chini ya ganda tunalolikanyaga, lenye unene wa kilomita 800 hivi, kuna maganda mengine mawili na kiini, vyote vikizunguka kwa mwendo unaotofautiana kidogo. Aliitegemea pia hesabu ya Newton, ambayo baadaye ilionekana kuwa na kosa, kwamba mwezi ni mzito kuliko dunia kwa ujazo uleule, na dunia nyepesi namna hiyo ilikuwa rahisi kuidhania kuwa na uwazi. Huyo alikosea akitafuta sababu ya jambo lililopimwa. John Cleves Symmes, aliyetangaza huko Marekani mwaka 1818 kwamba ncha za dunia zimetoboka, akaomba watu mia moja wafuatane naye kutoka Siberia kwa magari ya kukokotwa na kulungu wa barafu, simwoni kuwa na udhuru huo.

Sasa nikujibu kama mchimbaji. Kila baada ya baruti kulipuliwa, kabla hatujaingia handakini, mzee mmoja alitangulia na mtaimbo akigonga dari. Mwamba mzima hulia kama kengele. Uliobanduka hutoa sauti ya debe, nasi tulirudi nyuma upesi. Hakuna aliyehitaji kuingia ndani ya jiwe ili ajue hali yake.

Dunia nayo hugongwa, na mgongaji ni tetemeko. Lile la Machi 1966, lililoua watu zaidi ya mia moja huku kwetu magharibi nikiwa mtoto, lilikuwa na nguvu ya kutuma mawimbi hadi kwenye vyombo vya kupimia vilivyokuwa mbali sana na Toro. Kwa kulinganisha saa ambazo mawimbi ya namna hiyo hufika sehemu mbalimbali, Richard Oldham alitambua mwaka 1906 kwamba dunia ina kiini, na mwaka 1936 Inge Lehmann, mwanamke wa Denmark, akaonyesha kwamba ndani ya kiini hicho kimo kingine. Leo tunajua kwamba kile cha nje ni chuma kilichoyeyuka na cha ndani ni kigumu. Dunia ingekuwa tupu, mawimbi hayo yasingepita katikati yake. Hata kabla ya hapo, mwaka 1798, Henry Cavendish alikuwa amepima mvutano mdogo mno kati ya tufe za madini ya risasi, akakokotoa kwamba dunia ina uzito wa karibu mara 5.5 ya maji ya ujazo uleule, ilhali mawe ya kawaida tuliyoyavunja hayafiki mara tatu. Basi kilichomo ndani ni kizito kuliko mawe haya, na mtungi mtupu hauwezi kuwa hivyo.

Hadithi ya bibi yako, ya mfalme Isaza aliyefuata ng'ombe hadi kwa Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, usiitie katika ugomvi huu. Ile inasimulia ukoo wa Bachwezi, wala haikudai kupimwa kwa kilomita.

Kuhusu picha, nadhani ni ile ya Novemba 1968. Iliunganishwa kutokana na picha nyingi zilizopigwa kwa muda wa siku nzima, na mwezi huo jua halichomozi kabisa kwenye ncha ya kaskazini. Weusi aliouona mwenzako ni usiku.

Baba yako