Safu ya mawe, madoa matatu na kipande cha sakafu: tumechimbua nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na tuko kwenye mazoezi ya uchimbaji pwani ya kusini mwa Dar es Salaam, upande wa Kigamboni. Katika shimo letu la meta 2 kwa 2, kwenye kina cha sentimeta 60, tumekuta safu moja ya mawe ya matumbawe iliyolala mashariki hadi magharibi bila chokaa kati yake, madoa matatu ya mviringo yenye udongo mweusi, na kipande cha sakafu ya chokaa kisichozidi ukubwa wa sinia. Doa la tatu limeingia nusu chini ya mawe. Wenzangu wengine wanasema ni ukuta wa kibla wa msikiti, wengine wanasema ni nyumba, na mimi nahofia ni kaburi. Tunaamuaje?

Jibu: Marahaba. Nianze na fomu zenu kabla ya mawe yenyewe. Kama mmeshaandika "ukuta wa msikiti", kateni kwa mstari mmoja ili maandishi ya awali yaendelee kusomeka, kisha andikeni "safu ya mawe ya matumbawe, mashariki hadi magharibi, bila chokaa", pamoja na vipimo vyake. Jina likishaingia kwenye fomu huhamia kwenye mchoro, kutoka kwenye mchoro likahamia kwenye ripoti, na atakayeisoma ripoti hiyo baada ya miaka 10 hatajua kwamba ilikuwa dhana ya mtu mmoja aliyechoka na jua la saa saba mchana.

Mnauliza mabaki haya yalikuwa ya nini, lakini kabla ya hapo lipo la kujua kwanza: kipi kilitangulia kipi? Nusu ya jibu mmeshanipa wenyewe bila kuiona. Doa la tatu limeingia chini ya mawe. Ikiwa doa hilo ni shimo la nguzo, yaani alama inayobaki ardhini pale nguzo ya mti iliposimama, basi nguzo hiyo ilikwisha kung'olewa au kuoza kabla mawe hayajapangwa, na ninyi mnabishania jengo moja mahali ambapo huenda pana majengo mawili ya nyakati mbili. Jambo hili si geni katika pwani yetu. Kule Shanga, katika visiwa vya Lamu, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifunua, chini ya msikiti wa mawe, mfululizo wa misikiti midogo iliyojengwa kwa miti, ya mwanzo kabisa ikirudi nyuma hadi karne ya 8. Aliyetazama mawe peke yake angeandika habari za msikiti mmoja tu.

Hata hivyo, msikubali haraka kwamba madoa hayo ni mashimo ya nguzo. Mzizi wa mkorosho uliooza huacha doa jeusi la mviringo linalomdanganya hata mzoefu. Chukueni doa la kwanza na la pili, mgawe kila moja katikati kwa uzi, mwondoe nusu moja tu kwa mwiko, kisha msome ukuta wa nusu iliyobaki. Shimo la nguzo huwa na pande zilizosimama wima na kitako kinachoeleweka, na mara nyingi utakuta mawe madogo au vigae vya vyungu vilivyosindiliwa pembeni ili kuishikilia nguzo. Mzizi hupungua unene kadiri unavyoshuka, hupinda na kutoa matawi. Shimo la panya huenda mshazari na udongo wake ni tifutifu. Mchanga wetu hukauka upesi na rangi zote zikafanana, kwa hiyo nyunyizieni maji kidogo, au fanyeni kazi hiyo kabla ya saa mbili asubuhi, unyevu ukiwa bado haujapotea.

Ushahidi wenu mkubwa, kwa maoni yangu, ni kile kipande cha sakafu ambacho hamkukipa hata sentensi nzima. Pigeni magoti mahali sakafu inapokutana na jiwe, msafishe kwa brashi laini, mtazame sentimeta 5 za mwisho. Ikiwa chokaa inajikunja kidogo kwenda juu na kuliambaa jiwe, sakafu ilimwagwa mawe yakiwa tayari yapo. Ikiwa imekatika kwa ukingo uliomeguka, na kati yake na jiwe pana ukanda mwembamba wa udongo wa rangi nyingine, basi ukanda huo ni mtaro wa msingi ulioikata sakafu ya zamani ili mawe yapangwe. Uamuzi wenu wote unabadilika kutegemea mojawapo ya hali hizo mbili. Chini ya sakafu hiyo chekecheni kila kitu, kwa kuwa sakafu haiwezi kuwa ya kale kuliko kigae kilichozikwa chini yake. Jiwe lenyewe halifai kwa hesabu hiyo, maana watu wa pwani wamekuwa wakichukua mawe ya magofu na kujengea tena, au kuyachoma wapate chokaa.

Sasa nije kwenye dhana zenu. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo ni kweli kwamba ukuta wa kibla hulala mashariki hadi magharibi. Lakini kaburi la Kiislamu nalo hulala hivyo hivyo, kwa sababu maiti hulazwa ubavu wa kulia akielekea kibla, na ukuta wa nyumba unaweza kulala upande wowote. Mwelekeo peke yake, basi, hauchagui kati ya madai yenu matatu. Ukuta wa mawe wa pwani kwa kawaida una nyuso mbili na kifusi cha mawe na chokaa katikati. Safu moja isiyo na chokaa inaelekea zaidi kuwa ukingo wa baraza, tako la ukuta wa miti na udongo, au mzingo wa kaburi. Mkiona mfupa wa binadamu, simameni hapo hapo na mmwite msimamizi.

Kwa kila dhana andikeni pia kile ambacho kingepaswa kuwapo na hakipo. Nilijifunza hilo kwa aibu. Katika miaka yangu ya mwanzo niliandika "tanuri la kuyeyushia chuma" juu ya duara la udongo ulioungua, nikalitetea kwa siku nne, ilhali hapakuwa na hata kipande cha mavi ya chuma, yaani takataka inayobaki chuma kikiyeyushwa, wala mirija ya udongo ya kupulizia hewa. Kilichokuwapo ni vipande vya matumbawe vilivyoungua nusu, ambavyo nilikuwa nikivitupa kwenye rundo la takataka. Lilikuwa tanuri la chokaa.

Meta 2 kwa 2 ni tundu la ufunguo. Ombeni ruhusa ya kupanua upande wa kaskazini, ambako mihrabu, yaani kile kidaka cha ukuta wa kibla anaposimama imamu, ingetokeza kama huo ni msikiti, na upande wa mashariki, ili mjue safu inapinda kona au inakoma. Msitarajie, hata hivyo, kwamba kuona zaidi lazima kutamaliza ubishi. Husuni Ndogo ya Kilwa Kisiwani ni boma la mstatili ambalo ramani yake yote inajulikana, mwanaakiolojia Neville Chittick alilichimba, na bado wataalamu hawajakubaliana lilikuwa la kazi gani. Ripoti inayosema "safu hii ni ya baada ya nguzo, na matumizi yake hayajathibitishwa" ningeipa alama nzuri bila kusita.

Doa la tatu msiliguse kwa sasa. Choreni kwanza mawe yaliyolala juu yake, jiwe kwa jiwe, kwa kipimo cha 1 kwa 10, kisha mnitumie mchoro huo pamoja na picha ya pale sakafu inapokutana na jiwe.