Barua kwa mwanangu kuhusu kanisa ulilolihama

Bukoba

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na mama yako, na swali lako hatukuliona kuwa utovu wa adabu. Umeniuliza kama mimi, mzee wa kanisa, ninakuona umeiacha imani kwa kuwa umetoka katika usharika wa Kilutheri na sasa unasali huko Dar es Salaam katika huduma isiyo na liturujia wala kitabu cha nyimbo, ambako watu wanaomba kwa sauti hadi usiku wa manane.

Sikuoni hivyo, ingawa zamani ningekujibu vingine. Nimemkumbuka bibi yako. Uamsho wa kiroho uliotokea Gahini, Rwanda, ulipopitia Uganda na kufika huku Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930, walokole waliungama dhambi zao hadharani, wakaimba njiani, wakathubutu hata kuwataka wachungaji watubu. Wazee wa kanisa wa siku zile waliwaona kuwa watu wa fujo. Bibi yako aliokoka akiwa msichana, na baba yake hakusema naye kwa muda mrefu. Leo nyimbo zile tunaziimba sisi wazee kwa utulivu, utadhani Luther mwenyewe ndiye aliyetuletea. Tena Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo huo.

Kwa hiyo kelele hazinisumbui, isipokuwa masikioni. Kinachonisumbua ni kwamba bibi yako, alipookoka, alianza kwa kumrudishia jirani debe la kahawa alilokuwa amelichukua kwa siri, na ndugu zake katika wokovu walimfahamu kiasi cha kumuuliza kila juma kama ana chuki na mtu. Katika barua yako umenieleza juu ya chupa ya mafuta ya upako uliyoinunua na juu ya sadaka ya mbegu, ile ya kutoa fedha ukitarajia kuvuna baraka, lakini hukunitajia mtu hata mmoja wa huko aliyekuja kukuona ulipougua malaria mwezi wa tatu. Huku, jumuiya ya mtaa ingekuwa imekwisha kufika na ndizi.

Nawe una haki ya kunikumbusha jambo ambalo hukuliandika, ila nalijua. Ulipokuwa bado shule, baraza letu la wazee lilimtenga na meza ya Bwana binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, wakati kijana aliyehusika aliendelea kuimba kwaya kila Jumapili. Nilikuwemo katika kikao hicho na nilinyoosha mkono kukubali. Ukaniuliza jioni ile kwa nini kijana hakuitwa, nami nikakwambia hayo ni mambo ya watu wazima. Sikuwa na jibu, mwanangu, na mpaka leo sijalipata. Kama siku ile ndiyo iliyoanza kukutoa kanisani, basi sehemu ya lawama ni yangu.

Mwezi wa saba nitakuja Dar kutibiwa macho. Jumapili nipeleke huko unakosali, ila unitafutie kiti kilicho mbali na spika.

Baba yako