Bado nakasirika: je, pingu tatu za kwanza hazijakatika?

Swali: Mimi ni mlei, nafuata mapokeo ya Theravada (tawi la kale la Ubuddha). Nikitafakari sioni tena nafsi ya kudumu, ila hasira na tamaa bado zinanishika. Je, ndiyo kusema sijaingia mkondo, yaani sijafika hatua ya kwanza kati ya nne za kuelekea ukombozi?

Jibu: Ndugu yangu, hasira peke yake haithibitishi hivyo. Kati ya pingu 10, yaani vifungo vya moyo vinavyomfunga mtu kwenye mzunguko wa kuzaliwa upya, tamaa ya anasa ni ya 4 na chuki ni ya 5. Aliyeingia mkondo (sotapanna) bado anazo zote mbili. Hatua ya pili huzidhoofisha, ya tatu ndiyo huzikata. Visakha, mwanamke mlei wa mji wa Savatthi na mfuasi wa Buddha, alikwisha kuingia mkondo, lakini alipofiwa na mjukuu alimwendea Buddha mchana kweupe, nguo na nywele zimelowa, kwa majonzi.

Kinachokatika mwanzo ni imani ya nafsi, shaka, na kushikilia kanuni na ibada kana kwamba zenyewe zinaokoa. Hapa wengi huteleza. Imani ya nafsi ina sura 20: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na ufahamu, kila kimoja kikichukuliwa kuwa ndicho nafsi, au mali ya nafsi, au kimo ndani ya nafsi, au nafsi imo ndani yake. Kule kuhisi tu "mimi nipo" ni majivuno, pingu ya 8, nayo hubaki hadi hatua ya mwisho. Mtawa Khemaka aliifananisha na harufu inayobaki kwenye nguo iliyokwisha kufuliwa.

Hata hivyo, usijitangaze. Nafsi kutoonekana wakati wa kutafakari huenda ni utulivu tu, na utulivu hupita. Jichunguze unapotukanwa au unapougua: ni kipi kati ya vile vitano unachokitetea kuwa ni wewe? Kisha pima mambo manne: imani isiyoyumba kwa Buddha, kwa Dhamma (mafundisho yake), kwa Sangha (jumuiya ya wafuasi wake walioendelea), na maadili yasiyo na ufa. Anayevunja amri tano (kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vileo) akidai pingu ya tatu imekatika amejidanganya vibaya. Kilichokatazwa ni kuzitegemea kanuni kwa upofu, si kuzishika.

Ukiona pengo, fanya kazi hapo hapo: ambatana na watu wema, sikiliza Dhamma, zingatia kwa makini chanzo cha kila linalozuka na kukoma kwake, na uishi kulingana na ulichosikia. Kwa aliyeingia mkondo kweli, kuzaliwa upya hakuzidi mara 7, wala hazaliwi tena motoni, kwa wanyama au kwa mizimu yenye njaa.