Umenunua mafumbo ambayo LSAT ilishayaondoa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Morogoro, nimemaliza digrii na najiandaa na LSAT, ule mtihani wa kuombea shule za sheria, ili niombe kusoma sheria Marekani. Maswali ya hoja napata kama 14 kwa 25, juzi nikajaribu bila kuweka saa nikapata 15. Mafumbo ya kupanga watu kwenye viti, nilinunua mafaili yake, nafanya kila siku ila bado niko taratibu sana. Kuna jamaa anauza "fomula 12 za LSAT" kwa elfu hamsini, anasema ukizijua huna haja hata ya kusoma kifungu chote, unaangalia maneno tu. Ninunue? Na spidi naiongezaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo elfu hamsini nunua bando.

Mafumbo ya viti yaache leo leo. Yalikuwepo kweli, sehemu nzima ya dakika 35, mafumbo manne, na watu walikesha nayo miaka na miaka, lakini mara ya mwisho kutoka ilikuwa Juni 2024. Chimbuko lake ni kesi ya jamaa mmoja kipofu wa Michigan, alilalamika kwamba mafumbo yale bila kuchora mchoro hayaendi na yeye hawezi kuchora, wakasuluhishana 2019, na kuanzia Agosti 2024 nafasi yake ikachukuliwa na sehemu ya pili ya hoja. Kwa hiyo sasa hivi zinazohesabiwa ni mbili za hoja na moja ya ufahamu, halafu kuna moja ya majaribio isiyohesabiwa ila hutaijua ni ipi. Aliyekuuzia yale mafaili ama hajui au anajua na amenyamaza. Na sishangai, GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu baada ya digrii, iliondoa mafumbo ya aina hiyo hiyo mwaka 2002 na bado nakutana na vijana wana fotokopi zake wanazikariri.

Sasa spidi. Umeniambia mwenyewe, ukiweka saa unapata 14, usipoweka unapata 15. Soma tena hiyo sentensi yako. Mtu mwenye shida ya spidi ukimwondolea saa anaruka mpaka 20 na kitu, wewe umeongeza moja, ambayo pengine ni ya kubahatisha tu. Shida yako ni kwamba unasoma kitu kingine tofauti na kilichoandikwa, na ukiongeza spidi utakosea haraka zaidi basi.

Na naweza kukisia unakosea wapi, maana karibu kila anayenifuata anakosea hapo hapo. Mama akikwambia "hutoki nje mpaka umalize ubwabwa", ukimaliza ukakuta bado mlango umefungwa utasema mama kakudanganya, si ndio? Wote tumekua hivyo, kwenye maongezi ya kawaida "mpaka umalize" maana yake "ukimaliza ruksa". Ila ukiyachukua maneno kama yalivyo, mama hajaahidi kitu! Kasema tu kwamba asiyemaliza hatoki. Aliyemaliza anaweza akatoka, anaweza akaambiwa aoshe vyombo kwanza. LSAT inaishi hapo kwenye hilo pengo. Wanakupa "hakuna anayepanda boti bila tiketi, Salma ana tiketi", halafu jibu la kwanza kabisa limekaa vizuri linasema Salma atapanda boti, na wewe unalichukua bila hata kuangalia mengine. Unachokijua pale ni viwili tu: aliyepanda ana tiketi, na asiye na tiketi hakupanda. Chora mshale, boti → tiketi, kisha ugeuze na kukanusha pande zote mbili, hana tiketi → hayumo botini. Kurudi kinyumenyume kutoka tiketi kwenda boti hakuna njia. Wakiandika "only if" (ikiwa tu) au "unless" (isipokuwa) ni mchezo huo huo umevaa nguo nyingine.

Usijione mjinga lakini. Mwanasaikolojia Peter Wason wa Uingereza alilionyesha hili tangu 1966 kwa kadi nne, tuseme zimeandikwa A, D, 4 na 7, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, na kanuni ni kwamba kadi yenye irabu upande mmoja, upande wa pili lazima iwe na namba shufwa. Ugeuze zipi kuhakiki kanuni? Wengi wanataka A na 4. Sahihi ni A na 7, kwa sababu hiyo 4 hata nyuma ikiwa na D haivunji chochote. Waliopata walikuwa wachache mno. Ila 1982 kule Florida watafiti Griggs na Cox wakawapa wanafunzi fumbo hilo hilo wamebadilisha nguo tu, anayekunywa bia lazima awe amevuka miaka 19, wewe ni askari, unamkagua nani? Karibu robo tatu wakapata. Unamkagua mwenye bia na unamkagua mtoto, mzee unamwacha na glasi yake. Kwa hiyo ukikutana na sentensi ngumu ya mshale, igeuze iwe bia na askari kichwani, mimi mwenyewe bado nafanya hivyo.

Turudi kwa jamaa wa fomula, maana hawa ndio wananipandisha presha. Fomula yao pendwa ni "ukiona neno kali kama zote, kamwe, lazima, kata hilo jibu". Uongo mtupu, yaani nusu ukweli, ambayo ni mbaya zaidi. Swali likiuliza hoja inategemea dhana gani, kweli majibu ya upole mara nyingi ndiyo yanashinda, na kipimo chake ni kulikanusha jibu uone kama hoja inabomoka. Lakini swali likiuliza ni dhana gani ikiongezwa hitimisho litathibitika kabisa, hapo unalitafuta lile kali, na fomula ya elfu hamsini imekukatisha jibu sahihi kabla hujalisoma. Wengine wanauza "ukikwama jaza C". Majibu ni matano, herufi yoyote utakayojaza kwa kubahatisha ni moja kwa tano, jaza yoyote, muhimu usiache wazi kwa sababu kukosa hakupunguzi maksi. Hiyo ndio njia ya mkato pekee ninayoifahamu na haiuzwi.

Halafu kuna wanaotuma "pepa iliyovuja" usiku wa kuamkia mtihani, hao wala usiwajibu, utapoteza hela na ukigundulika utapoteza na hiyo shule yenyewe. Fungua akaunti ya bure kwenye tovuti ya LawHub, ni ya LSAC wenyewe wanaoandaa mtihani, kuna mitihani kamili ya mazoezi. Wiki tatu za kwanza saa iweke kabatini, maswali kumi tu kwa siku, na kila swali andika kwenye daftari kwa nini yale majibu manne mengine ni mabaya, kwa Kiswahili chako, sio "nahisi". Ukishindwa kuandika la tatu jua ulibahatisha hata kama ulipata.

Na huyo jamaa wa fomula kabla hujamblock mtumie zile kadi nne, umuulize anageuza zipi.