Gari inakula mipira ya mbele upande wa ndani

Waalaikumu salaam ndugu yangu wa Wete. Umebadilisha tairodi zote mbili (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu ya mbele), sasa mipira ya mbele inalika ndani, na unauliza kama unaweza kupanga alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) mwenyewe nyumbani. Unaweza. Lakini kwanza nyanyua gari kwa jeki, utikise magurudumu. Boljointi (kiungo cha gurudumu) au bushi (mpira wa kwenye viungo) ikicheza, vipimo vyote ni bure. Upepo wa mipira nao uwe sawa.

Mipira yote miwili kulika ndani mara nyingi maana yake magurudumu yametazama nje. Tafuta pahala tambarare (kwa vilima vyetu vya Pemba, sakafu ya saruji ndiyo bora), usukani unyooke. Tia alama ya chaki katikati ya kila mpira, upande wa nyuma, usawa wa kitovu cha gurudumu. Pima baina ya alama hizo. Sukuma gari mbele, usiirudishe nyuma hata kidogo, mpaka alama zifike mbele kwa kimo kile kile, upime tena. Gari nyingi ndogo za Kijapani hutaka mbele pawe sawa na nyuma, au papungue milimita 1 au 2. Fuata kitabu cha gari yako.

Legeza nati za tairodi, zungusha tairodi robo mzunguko, kulia na kushoto kiasi kimoja, la sivyo usukani utakaa kombo. Sukuma, pima tena. Ikiwa gari inavuta upande mmoja, kwa kawaida chanzo si tairodi. Angalia breki inayoshika. Na nati hizo, nakuomba sana, zikaze barabara kabla hujaingia njiani.