Daktari Uingereza: fidia isiwatishe, barua ya GMC ndiyo yenye kazi

Wadogo zangu mnaomaliza intanishipu Muhimbili na KCMC mmeuliza kama ni kweli daktari akikosea Uingereza anashtakiwa mpaka anauza nyumba. Ukiwa mwajiriwa wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko, hapana. Mgonjwa akidai fidia kwa uzembe, anayedaiwa ni hospitali, na malipo yanatoka kwenye mfuko wa pamoja wa hospitali za umma. Kwa kawaida ana miaka 3 ya kufungua madai tangu aumie au ajue kaumizwa. Kwa mtoto, hesabu inaanza akitimiza 18. Wewe utaandika maelezo, pengine uitwe kutoa ushahidi.

Ila kinga hiyo haikutetei mbele ya GMC, baraza lenye leseni yako, wala polisi. Kwenye mahakama ya koroner inayochunguza vifo, wakili wa hospitali yuko pale kwa ajili ya hospitali. Maneno yako na ya hospitali yakipishana, huna mtu. Ndiyo maana kuna vyama vya utetezi wa madaktari: MDU, MPS na MDDUS. Wageni wengi huiahirisha ada ya uanachama kwa kuwa pango linabana. Lipeni kabla ya zamu ya kwanza, kwa sababu chama kwa kawaida hakibebi tukio lililotokea hujajiunga.

Kinachomaliza watu GMC, sanasana ni uongo: kuongeza upasuaji usioufanya kwenye logibuku (daftari la kazi ulizofanya), kusaini kwa niaba ya mwenzako, kuchukua ruhusa ya ugonjwa huku unapiga lokamu (zamu za kibarua) hospitali nyingine. Kosa la dozi unaweza kuonyesha umejifunza; uongo utauonyeshaje? Na jopo la Manchester linaloamua kesi hizi za madaktari halihitaji kuondoa kila shaka kama kesi ya jinai. Likiona kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ulifanya, inatosha. Linaweza kukuwekea masharti, kukusimamisha hadi miezi 12, au kukufuta, na ukifutwa unangoja miaka 5 kabla ya kuomba kurudi.

Kingine ni polisi. Mmegombana nyumbani, jirani kapiga simu, ofisa anakwambia kubali onyo rasmi uende zako ukalale. Usikubali kabla ya kuongea na wakili. Onyo hilo lazima uliripoti GMC bila kuchelewa, sawa na kufunguliwa mashtaka au kutiwa hatiani kwa kuendesha umelewa. Adhabu ya Baraza la Madaktari Tanganyika nayo inaripotiwa. Msidhani bahari inaificha.

Mazoea ya wodini kwetu nayo yanaponza. "Saini hapa mama, tunakupeleka tiata (chumba cha upasuaji)" huku si ridhaa. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya 2015 katika kesi ya Montgomery, unatakiwa umweleze hatari ambazo mgonjwa huyo mwenyewe angezijali, pamoja na njia nyingine zilizopo, ikiwemo kutofanya kitu. Kisha andika mlichozungumza.

Kufungwa ni nadra, ila si ndoto. Dk. Hadiza Bawa-Garba alitiwa hatiani 2015 kwa kifo cha mtoto kilichotokea Leicester 2011, akapewa kifungo cha nje. Januari 2018 akafutwa kwenye rejista, na Agosti hiyohiyo Mahakama ya Rufaa ikamrudisha. Kwa mwenye viza ya kazi, kufukuzwa tu kunatosha: mwajiri anaripoti, na kwa kawaida unabaki na siku 60 za kupata mwajiri mwingine wa kukudhamini viza au kuondoka.

Barua ya GMC ikija, usijibu usiku huohuo kwa hasira. Pigia chama chako simu, kisome rasimu ya jibu lako kabla haijatumwa. Usimpigie mgonjwa kumbembeleza afute malalamiko. Na usiguse faili: mfumo unahifadhi nani kafungua, saa ngapi, kabadilisha nini. Kama kuna ulichosahau kuandika, ongeza maelezo mapya yenye tarehe na saa ya leo, ukitaja wazi kwamba yameandikwa baadaye.