Maswali yenu: Kiongozi mpya tumpe muda gani?

Bodi mpya ya AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) iliingia mwaka jana. Tukiuliza malipo ya pili ya kahawa, yale ya baada ya mauzo, tunajibiwa "tulikuta madeni". Tusubiri hadi lini? (Mkulima, Kibosho)

Madeni ya kurithi yapo kweli, mzee wangu. Kahawa ya huku huanza kuchumwa katikati ya mwaka na pesa huja baadaye, ikishauzwa. Bodi haiwezi kulipa deni la pembejeo kwa kahawa ambayo bado ni maua. Hapo wape msimu, hata miwili. Ila kuandika nani anadai, shilingi ngapi na tangu lini, hakungoji mavuno. Ombeni taarifa ya makabidhiano na ripoti ya mwisho ya COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, zibandikwe pale kwenye mzani, mtu asome akisubiri zamu yake ya kupima. Bodi ya namna hiyo ningeivumilia bila kinyongo. Inayoimba "madeni" mwaka mzima bila kumtaja hata mdai mmoja, dawa yake ni mkutano mkuu maalumu. Tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ianze mwaka 1933, sijui ni bodi ngapi mkoani humu zimeingia zikilaumu zilizotoka!

Mganga mfawidhi mpya wa zahanati ya kijijini kwetu hajali wagonjwa. Nilifika saa mbili asubuhi na mtoto, nikahudumiwa saa saba. (Mama, Uru)

Pole, dada. Lakini mganga mfawidhi haajiri mtu. Vibali vya ajira hutoka serikali kuu. Tena Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, baadhi ya watumishi waliolipwa na miradi ya Ukimwi walipoteza kazi. Kama muuguzi ni mmoja, ndiye anapima watoto, anachoma chanjo, anazalisha na kujaza rejista, foleni ile si ya uvivu. Mdaini ratiba: watoto siku gani, wajawazito siku gani, iandikwe mlangoni. Lipelekeni kwenye kamati ya zahanati, maana wanakijiji wenzenu wamo.

Mwenyekiti wa kijiji tuliyemchagua Novemba 2024 haitishi mkutano. Anasema ofisi haina fedha. (Kijana, Marangu)

Huyo msimvumilie. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu, na kukaa chini ya mti hakuna bajeti. Mapato na matumizi yasomwe, hata yakiwa sifuri.

Mimi ni mhazini mpya wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), Kiborloni. Biashara ni ngumu, marejesho yamekwama, na wenzangu wameanza kuniita mwizi. (Muuza ndizi)

Mama, usiwaahidi tarehe usiyoiweza. Kila kikao washika funguo wote watatu wawepo, sanduku lifunguliwe mbele ya watu, hela ihesabiwe kwa sauti. Mikopo mipya isimame kwanza. Kisha soma wanaodaiwa kwa majina, hata kama wa kwanza ni shemeji yako.